Gari la Baba Angel

Mume wangu Sadoki aliendesha malori ya watu miaka kumi na tisa, Dar hadi Tunduma, Tunduma hadi Lubumbashi, na siku alipoacha kazi alirudi nyumbani na begi moja na kikohozi. Akaniambia ataunda gari lake mwenyewe, hapa hapa uani. Nilicheka mpaka nikashika mlango. Yeye hakucheka.

Alipata injini ya kigari kilichopinduka njia ya Mbozi, akatafuta usukani na viti. Mengine yote aliyakata na kuyachomelea mwenyewe, na hapo ndipo hasira yangu ilipo. Mafundi wetu wa mtaani huchomelea wakiwa wamevaa miwani ya jua, hii inayouzwa barabarani kwa madereva. Wanaona ni ujanja. Macho yakiwasha wanabandika vipande vya kiazi, kesho yake wanarudi kazini. Nami, mjinga mwenzake, mwaka mzima na nusu nilimkatia viazi, tena vizuri vya kwetu Ibaba, wakati ningetakiwa kumpiga na mwiko mpaka akanunue kinyago cha kuchomelea.

Jirani yetu Shaban, mtu wa Tanga mwenye malori mawili, alimwonya. "Kaka, mwanga huo si wa kuchezea."

"Miaka kumi na tisa nimemulikwa na taa za malori," Sadoki akajibu. "Huu utanifanya nini?"

Baadaye akaanza kutonitazama. Nikisema naye, macho yako begani kwangu, au ukutani. Nilidhani amenichoka. Nilinuna wiki mbili, nikawa nampikia mboga bila chumvi. Kumbe akinitazama moja kwa moja uso wangu haupo. Katikati pana doa jeusi linalozidi kupanuka, anaona pembeni tu. Alinieleza siku aliyopishana na mdogo wake mlangoni mwa kanisa asimtambue. Nililia kwa aibu ya ile chumvi.

Hospitali alikwenda peke yake, alikataa nimsindikize. Akarudi amechangamka. "Wamesema yatapona, Mama Angel. Ni suala la muda tu." Nilimwamini kwa sababu nilitaka sana kumwamini.

Gari lilikamilika mwezi wa sita. Jekundu, fupi, mlango wa kushoto unafungwa kwa komeo la dirisha. Majirani walikuja kulisikia likinguruma, na mimi niliyekuwa nalitukana kila siku nikajikuta naringa. Tangu bomba la kwanza alilolichomelea alikuwa na ahadi moja: atanipeleka Ibaba kwa mama, ndani ya gari lake, yeye mwenyewe akiwa kwenye usukani. Shaban akajitolea kutuendesha.

"Nikae pembeni ndani ya gari langu?" Sadoki alisema hivyo tu, na Shaban akaaga akaondoka.

Jumamosi asubuhi nilivaa kitenge kipya cha njano, nikabeba kapu la mama. Sadoki alikwishaingia na kuwasha. Nikawa napita mbele ya gari kwenda upande wangu, na sijui ni nini kilichonisimamisha. Nilisimama hatua tatu mbele ya boneti, jua likiniwakia, nikamtazama. Naye akanitazama, uso kwa uso, kama ambavyo hajanitazama mwaka mzima. Alikuwa anatabasamu. Nilingoja apige honi, anitanie, aniulize nimeganda nini pale. Nilimwomba Mungu apige honi.

Akaingiza gia.

Gari lilikuja taratibu. Kapu likaniponyoka. Bampa iliponigusa magotini niliweka mikono yote miwili juu ya boneti, nikasukuma kwa nguvu zangu zote mpaka injini ikazima.

Sadoki aliinamia dirisha la upande wangu, akaligeukia lile komeo na kiti kitupu.

"Mama Angel," aliita, bado anatabasamu, "mbona huingii? Panda twende, njia nyeupe."