Ushahidi Wangu Juu ya Saa ya Mzee Lathrop

Katika nyumba ya Mzee Lathrop, aliyeigusa saa aliondoka siku hiyo hiyo. Amri hiyo haikuandikwa mahali popote, wala hapakuwa na haja. Fundi wa mabomba aliijua, jirani aliijua, na binti yangu Ghati, aliyekuwa akimhudumia mzee huyo kwa mwaka wa pili, alinieleza kabla sijafungua sanduku langu. Mtumishi aliyemtangulia Ghati alipangusa uso wa saa ile kwa kitambaa chenye maji, na kabla ya jua kutua alikuwa kituoni akingoja basi na mizigo yake.

Nilifika Alexandria, ile ya Virginia, mwezi wa Februari mwaka 1998. Mzee Lathrop alikuwa ameruhusu nikae na binti yangu miezi mitatu katika chumba cha chini ya nyumba, lakini yeye mwenyewe sikumkuta. Alikuwa amevunjika nyonga, na yu hospitali wiki ya tatu.

Nilichokikuta ni saa. Ilisimama ukumbini, chini ya ngazi, ikinizidi kimo kwa kichwa kizima, nami si mtu mfupi. Kabati lake lilikuwa la mkangazi uliokolea wekundu, lenye kichwa, kifua na miguu kama binadamu. Uso wake ulikuwa wa shaba, namba zimechorwa kwa herufi za Kirumi, na juu ya namba palikuwa na dirisha dogo ambamo mwezi uliopakwa rangi ulipita polepole. Ndani ya kifua vilining'inia vipande viwili vizito vya risasi kwa kamba, na pendulamu ya kubembea katikati. Ghati aliniambia ilitengenezwa Uingereza zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, na kwamba mzee aliitia ufunguo kwa mkono wake kila Jumapili. Ukiijaza, ilikwenda siku nane. Siku nane zilikuwa zimepita zamani. Saa ilikuwa imekufa.

Mimi nililelewa na kengele. Misheni ilinichukua nikiwa na umri wa miaka tisa, na tangu siku ile niliamka kwa kengele, nikasali kwa kengele, nikala kwa kengele. Nilipokua, Bruda Alfonsi alinifundisha kuitunza saa ya mnara wa kanisa, na baadaye, katika miaka thelathini na mmoja ya ualimu, hakuna mwanafunzi wa Wambura, yaani wangu, aliyepata kusema hakujua ni saa ngapi. Saa iliyosimama ndani ya nyumba ya watu ni kwangu kama kitanda kisichotandikwa adhuhuri. Nilivumilia siku sita. Siku ya saba Ghati aliniambia mzee anarudi kesho yake, kisha akaenda dukani.

Niliivua kofia ya kabati taratibu, nikaiweka juu ya zulia. Nilitia ufunguo, risasi zikapanda. Nikaisukuma pendulamu, nikasikiliza mpaka hatua zake zikalingana. Mishale niliisogeza mbele, kamwe si nyuma, hadi ikakubaliana na saa yangu ya mkononi. Lakini kengele haikukubali. Saa za zamani za namna hii zina gurudumu lenye mapengo ambalo huhesabu mapigo lenyewe bila kuiuliza mishale. Saa ikisimama na mishale ikasogezwa, kengele hubaki nyuma ikisema mambo ya jana. Dawa yake niliijua. Kuna wenzo mwembamba nyuma ya uso; ukiuinua, kengele hugonga saa inayofuata, ukiuinua tena, inayofuata, hadi zipatane. Ilikuwa saa tisa kamili alasiri. Niliuinua wenzo mpaka kengele ikagonga mara tisa, nikairudisha kofia, nikapangusa alama za vidole vyangu.

Kesho yake wapagazi wa hospitali walimpandisha mzee chumbani kwake juu, kwa machela. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye macho yaliyobakiza mwanga kidogo tu, kama mtu anayetazama kupitia maziwa. Alipopita chini ya ngazi aliinua mkono wapagazi wasimame. Akasikiliza. Akasema, kwa sauti ya mtu aliyefika nyumbani, kwamba Carolyn ameikumbuka. Carolyn ni binti yake wa pekee, aliyeishi Sterling na kufanya kazi katika ofisi za karibu na uwanja wa ndege. Alikuwa nje akiwaelekeza wenye gari. Baadaye nilifahamu kwamba yeye alidhani baba yake alimwita fundi kwa simu. Ghati alidhani ni Carolyn. Nami nilisimama pale na sanduku la dawa mikononi, nikanyamaza. Kunyamaza huko wakati ule sikukuita uongo.

Tangu usiku wa kwanza mzee alivurugika.

Saa sita usiku alimwita Ghati aje amwoshe na kumletea uji, kwa kuwa kumekucha. Ghati alimtuliza. Asubuhi, saa tatu, alidai kidonge cha alasiri, na aliponyimwa alimwita Ghati mwizi wa dawa. Adhuhuri alitaka chakula cha jioni, tena akauliza kwa nini mapazia hayajafungwa. Jioni, alipopelekewa chakula hicho alichokitaka mchana, alikisukuma kando. Ghati alishuka jikoni na sinia mikononi, machozi yakimlenga.

"Baba, amekataa tena. Anasema mimi mwehu, nampelekea mtu wali usiku wa manane."

"Saa ngapi sasa?"

"Kumi na mbili. Si umeisikia imegonga?"

"Nimeisikia. Kumi na mbili."

"Basi. Nyumba nzima ina masikio isipokuwa yeye."

Tulimwekea redio karibu na kitanda ili imkumbushe. Alisikiliza taarifa ya habari mara mbili, kisha akaamuru redio iondolewe, akisema mtangazaji amelewa. Saa yake, alisema, haijamdanganya kwa miaka sitini. Redio amefahamiana nayo juzi. Daktari alikuwa amekwisha kumwonya Carolyn kwamba dawa ya usingizi wa upasuaji huweza kuiacha akili ya mzee gizani kwa muda, na kwa wengine giza hilo haliondoki. Kwa hiyo hatukushangaa. Tulisikitika tu. Niliketi naye kila siku, tukizungumza kwa Kiingereza changu cha zamani, na jambo lililonitatiza ni hili: akili yake kwa mambo mengine yote ilikuwa kali kuliko yangu. Alinitajia mito ya Virginia kwa mpangilio. Alinidhihaki, akisema walimu wote duniani hutembea kama watu wanaotafuta mtu wa kumchapa. Lakini ukimuuliza ni wakati gani, alikuwa mahali pengine kabisa, na alikuwa huko kwa uhakika.

Jumapili, nyumba ikiwa imelala, niliitia saa ufunguo tena, isife. Mimi mwenyewe nilianza kulala vibaya. Kuishi na mtu aliyepotea bila kuyumba humfanya aliye na njia aanze kuitazama njia yake.

Siku ya kumi Carolyn alikuja na afisa wa ustawi wa wazee, mama mmoja mpole mwenye jalada. Nafasi ilikuwa imepatikana katika nyumba ya kutunzia wazee, mbali, upande wa milimani. Kama mzee angeonekana hawezi tena kujua mchana na usiku, karatasi zingetiwa sahihi kesho yake, nyumba ifungwe na kuuzwa. Ghati angekosa kazi, lakini sitaki kusema kwamba hilo ndilo lililokuwa zito. Lililokuwa zito ni kwamba mtu angeng'olewa katika nyumba alimozaliwa.

Ilikuwa saa nne na nusu asubuhi. Afisa alimuuliza mzee ni saa ngapi. Mzee alijibu bila kusita kwamba ni alasiri, nne imepita muda mfupi. Kalamu ikaandika. Chini, mezani, Ghati aliulizwa kama saa ya ukumbini inakwenda sawasawa, maana mzee anaitegemea. Alijibu kwamba yeye kengele ile alikwisha kuacha kuisikia, ni kama mngurumo wa friji, ila baba yake huisikiliza. Wote wakanigeukia.

Nilisema, "Saa ni nzima. Nimeihesabu siku kumi, haijakosea hata mara moja. Aliyepotea ni mzee."

Afisa aliandika neno kwa neno. Aliniomba jina, nikalitaja lote, Isack Wambura, mwalimu mstaafu. Wakaondoka.

Nilipanda kuketi na mzee. Alikuwa amekwisha kuelewa kilichoandikwa. Tulikaa hadi adhuhuri. Ndipo kengele ilipoanza kugonga chini, naye akautafuta mkono wangu juu ya blanketi, akaukunjua, na kwa kila pigo akaweka kidole chake juu ya kidole changu, akihesabu kwa lugha yake. Alipofika mwisho kengele ilikuwa imenyamaza.

"Sita," alisema. "Sita ya jioni. Niambie, Mwalimu, wewe umesikia ngapi?"

Nilikuwa nimesikia sita. Mimi pia nilikuwa nimesikia sita.

Nilishuka ngazi kuitazama saa. Mishale yote miwili ilikuwa imesimama juu kabisa, kwenye namba ya Kirumi ya kumi na mbili. Usoni imeandikwa kumi na mbili, kinywani imetamka sita, na mimi kwa siku kumi niliiona hiyo, nikaisikia hii, wala hayakugongana kichwani mwangu, kwa kuwa kwetu tangu utotoni jicho limesoma hivi na sikio limesikia vile. Bruda Alfonsi aliitengeneza kengele ya kanisa letu ifuate hesabu ya watu, inayoanza jua linapochomoza, na mishale akaiacha ifuate hesabu ya Ulaya. Mikono yangu ilikuwa imefanya vivyo hivyo kwa saa ya Mwingereza, bila kuniuliza. Nilisimama pale, na kwa muda ambao siwezi kuupima sikujua ni saa ngapi. Namba sita na namba kumi na mbili zilikuja na kwenda, kila moja ikidai kuwa ya kweli, na zote mbili zilikuwa za kweli.

Ghati alinikuta hapo. Nilimweleza yote. Alikaa kwenye ngazi, akafunika mdomo.

"Uliigusa?"

"Niligusa."

"Baba. Wewe uliyetuchapa kwa kuonja sukari."

Akafikiri, kisha akasema kwa haraka kwamba kengele irekebishwe sasa hivi, kimya kimya. Mzee ataisikia sawa, akili itaonekana imerudi, na hakuna atakayejua. Ilikuwa busara ya mtu mwenye kazi ya kupoteza, wala sikumlaumu. Lakini nilimwambia kwamba jina langu limeandikwa chini ya maneno ya uongo, na karatasi hiyo itatiwa sahihi kabla mzee hajapata muda wa kuonekana amepona. Kisha yeye mwenyewe akapiga simu Sterling.

Carolyn alifika kesho yake asubuhi, karatasi mkobani. Kumweleza ilikuwa kazi ngumu kuliko nilivyotazamia. Nilimwambia siku yetu huanza alfajiri, kwamba saa yao saba ya asubuhi kwetu ni moja. Aliuliza kama basi tunaishi saa sita nyuma yao. Nilisema hapana, wakati ni ule ule. Aliuliza kama ninajua kusoma saa. Ghati aliingilia, akaongeza mkanganyiko wake juu ya wangu, hadi Carolyn akainua mkono tunyamaze, akaenda kusimama mbele ya saa. Ilikuwa imebaki dakika tatu itimie saa nne. Tulisimama watatu kama watu wanaongoja hukumu.

Ikagonga. Mara nne.

Carolyn aliutazama mshale mfupi juu ya kumi. Akahesabu kwa vidole, akageuka kuangalia ngazi, na uso wake ukabadilika kidogo kidogo.

"Alikuwa anahesabu vizuri," alisema. "Muda wote alikuwa anahesabu vizuri."

Alimpigia afisa simu akiwa amesimama pale pale, nami nikaomba nipewe simu hiyo, nikayafuta maneno yangu kwa kinywa changu, nikilitaja tena jina langu lote. Karatasi hazikutiwa sahihi. Kisha tulipanda juu.

Mzee Lathrop alisikiliza hadithi nzima akiwa amefumba macho. Aliuliza mara mbili sehemu ya alfajiri. Kisha alicheka, kicheko kikavu kilichoishia katika kikohozi, akasema amekuwa Mwafrika siku kumi bila hata kutoka kitandani, na hakuna aliyemwarifu.

Aliniamuru nishuke niirekebishe kengele, naye atahesabu kutoka juu. Niliivua kofia mbele ya Carolyn, nikauinua wenzo mara sita. Kila mara sauti yake ilishuka kupitia ngazi ikitaja idadi, tano, sita, saba, hadi kumi, na hapo akasema, "Iache."

Niliporudi juu alisema mambo yamekwisha. Binti yangu abaki, nami nibaki hadi siku zangu za kuwapo nchini ziishe. Ana haja ya mtu wa kumdhihaki.

Nilimshukuru. Nikamwambia kwamba Ghati hakuigusa saa, kwa hiyo anabaki kwa haki yake. Mimi niliigusa. Mwanamke yule wa kitambaa cha maji aliondoka kabla ya jua kutua kwa kosa dogo kuliko langu, na sikuona kwa sababu gani mimi nisiondoke.

Mzee alinigeuzia macho yake ya maziwa.

"Ungekuwa jaji mbaya sana, Mwalimu," alisema. "Haya. Nenda."

Ghati hakunibembeleza, alinijua. Aliwapigia watu wa kanisa letu walioko Silver Spring wanipokee, na Anatoli, mwenye teksi, akaja kunichukua. Aliniuliza mlangoni kama nimefukuzwa. Nilimjibu ndiyo, nikampa sanduku. Carolyn alinishikia mlango. Nilimkabidhi ufunguo wa chumba cha chini, akaupokea, nikatoka.