Sauti Juu ya Mchanga

Taa za ukumbi wa sinema zilipozimwa, mwanamke aliyeitengeneza filamu alikuwa anaijua kila punje ya mchanga itakayopita kwenye pazia jeupe mbele yake. Yeye ndiye aliyezisogeza kwa ncha ya kidole, juu ya kioo kilichomulikwa kutoka chini. Anasogeza kidogo, anapiga picha. Anasogeza tena, anapiga nyingine. Miaka ilimwishia hapo. Majirani walimbandika jina la Bibi Mchanga, na mama yake humtania kwamba mume akija atamfagia nje pamoja na vumbi. Siku hiyo mama alisingizia magoti, hakuja.

Filamu ilimhusu baba yake. Mwanamume wa mchanga anatoka nyumbani, anatembea, na mwili wake unamomonyoka kila anapokanyaga, hadi inabaki alama tu. Baba aliondoka binti akiwa mdogo, na alichoambiwa ni neno moja: ametuacha. Hakutaka maneno mengine katika filamu. Alimwomba fundi sauti, rafiki yake wa tangu shuleni, aweke upepo na nyayo, basi.

Mwanamume wa mchanga alipotokeza mlangoni, ukumbi ulijaa sauti ya mama.

"Mimi ndiye niliyemfukuza," ilisema taratibu, bila kutetemeka. "Alirudi mara nyingi kuomba amwone mtoto. Nikamwambia mtoto hataki kukuona."

Pale mbele, kidole cha binti mwenyewe kilikuwa kinamfuta baba yake, punje kwa punje, naye hakuwa na namna ya kukizuia. Watu walilia. Kisha wakasimama wakampigia makofi.

Alimkuta fundi sauti kwenye korido akipokea pongezi, akamvuta kando.

"Nani alikutuma kwa mama yangu?"

Fundi alijitetea kwa sauti ya chini. Picha zilikuwa nzuri mno, alisema, ila bila maneno watu wasingeambulia kitu. Alikwenda tu kumuuliza mama ilikuwaje, na mama akafunguka, akakubali kurekodiwa.

"Alijua nitayasikia hapa?"

Fundi aliinamisha macho. "Yeye ndiye aliyetaka iwe hapa. Alisema mbele za watu utajikaza."

Na kweli alikuwa amejikaza. Hilo ndilo lililomchoma zaidi: kwamba mama alimjua kiasi hicho, na ujuzi huo akautumia kujikinga.

Alikwenda moja kwa moja kwa mama. Alimkuta kwenye kochi, redio ikizungumza peke yake, magoti yakiwa mazima kabisa.

"Miaka yote hii, Mama, halafu ukamwambia yeye."

"Yeye aliniuliza, mwanangu. Wewe hukuwahi."

Ilikuwa kweli, na ndiyo maana haikusameheka. Tangu utotoni alilimeza swali hilo kila lilipomfika kooni, akimwonea mama huruma. Alidhani anafunika kidonda. Kumbe alikuwa analinda uongo, na mama akamwacha aulinde hadi akaupamba kwa mikono yake na kuuonyesha watu.

Mama alizima redio, akasogea, akaacha nafasi pembeni yake.

Binti hakukaa.

"Yu hai?" aliuliza.