Akiba ya Mshono

Wateja walimwita Mama Futi, kwa sababu ile futi ya kupimia haikumtoka shingoni hata akienda kununua mkate. Lilikuwa jina la utani, na yeye alilicheka pamoja nao. Ila mtu ukikaa miaka sita kwenye ndoa bila mtoto, kuna siku hilo neno la kwanza linakuchoma kama pini iliyosahaulika kwenye pindo.

Alishona chumba kimoja na wifi yake, mdogo wa mumewe, cherehani zao zikitazamana. Wifi alikuwa na mdomo, mkono mwepesi, na kichwa kinachovuja. Alisahau mkasi, alisahau simu, alisahau chai mpaka ikapoa. Na asubuhi moja, huku akitafuna karanga, akatangaza kwamba alikuwa amesahau na vidonge vya uzazi wa mpango.

"Siku kadhaa tu, wifi! Nikasema nitaendelea kesho. Sasa ona, miezi mitatu hii!" Akajipigapiga tumbo. "Na yule mwanamume nyumbani anachekacheka tu kama zuzu."

Mama Futi alimkumbatia, akampongeza vizuri kabisa. Kisha akaenda chooni, akafungulia bomba, akalia.

Kilichomkera kuliko vyote ni ile pakiti. Vidonge vilikuwa vilevile! Pakiti kama ile aliificha yeye chini ya kopo la vifungo. Mwenzake alivimeza asishike mimba, akashika. Yeye aliandikiwa na daktari ili siku moja ashike. Daktari alimchorea kwenye karatasi ovari zenye vifuko vidogovidogo, mayai yanayoanza kukua na kuishia njiani, na akamweleza kwa nini damu yake ilikuja pale ilipojisikia.

"Huu ugonjwa haujakufunga kizazi," daktari alisema. "Tupange siku zako kwanza, miezi mitatu. Baadaye tutaacha hivi, nikupe dawa ya kukomaza mayai. Siwezi kukuahidi, lakini nafasi unayo."

Nafasi! Mama Futi alirudi na neno hilo akalitafuna wiki nzima. Kila asubuhi saa mbili alimeza kidonge chake, wala hakukosa hata kimoja. Aliyesahau amepewa, anayekumbuka anaambiwa asubiri. Alimwonea wifi yake wivu mpaka akawa hataki kusikia akicheka.

Mwezi uliofuata baba mkwe alikuwa anastaafu, na wanawake wa familia walinunua kitambaa kimoja cha sare ya sherehe. Pale kazini kulikuwa na sheria: hakuna anayejipima. Wifi alimshonea Mama Futi, Mama Futi akamshonea wifi. Sheria ya pili ilikuwa ya Mama Futi mwenyewe, na ndiyo iliyomletea wateja. Kila gauni la mwanamke huachiwa akiba ndani, vidole viwili kila ubavu, ili mwili ukibadilika mshono ufumuliwe na gauni liendelee kuvaliwa. Akiba haikatwi.

Aliikata. Wifi alikuwa ametoka kwenda kliniki, na alipotoka aliaga akiimba. Mama Futi akachukua mkasi, akafyeka akiba yote karibu kabisa na uzi, vipande akavitumbukiza kwenye gunia la mabaki. Mwenye kushona mito alikuja siku hiyohiyo akalibeba. Kwa nusu saa alijisikia vizuri sana, asidanganye mtu. Kisha akashindwa hata kula.

Siku moja kabla ya sherehe wifi alijaribu gauni. Zipu ilifika kiunoni ikagoma. Akacheka, akalivua, akaligeuza ndani nje ili afumue.

Kicheko kikakatika. "Wifi, akiba iko wapi?"

"Nimeikata."

"Bahati mbaya?"

Mlango wa uongo ulikuwa wazi, na Mama Futi aliutazama. "Hapana," akasema. "Wivu."

Wifi alikaa kwenye kiti chake. "Mimi nilisahau vidonge. Sikukuibia kitu chako."

"Najua."

"Hujui!" Akainuka, akalivuta gauni la Mama Futi kwenye msumari, akamtupia. "Geuza hilo."

Mama Futi aligeuza. Kila ubavu ulikuwa na akiba ya vidole vinne, imepigwa pasi na kulazwa vizuri. Hakuna fundi anayeacha kitambaa kingi namna hiyo kwa mtu mzima aliyekwisha kukua.

"Kopo la vifungo natumia na mimi," wifi alisema. "Niliona pakiti, nikakuchukia, nikadhani unamzuilia kaka yangu mtoto. Nikamuuliza nesi wa kliniki, akanielewesha. Nikakuachia nafasi."

Lile neno tena. Mama Futi alichukua mkasi, akaikata akiba ya ubavu wa kulia wa gauni lake karibu kabisa na uzi. Mshono una pande mbili, mbele na nyuma, kwa hiyo vikapatikana vipande viwili. Akavilaza juu ya meza bila kumtazama mwenzake, akasogeza mkasi kwenye ubavu wa kushoto.

Wifi akamshika mkono. Bado alikuwa na hasira, vidole vyake vilibana.

"Vinatosha. Kimoja huku, kimoja huku." Akavuta vile vipande upande wake na kuanza kutunga uzi. "Ubavu huo usiuguse. Huo nitaufumua mimi mwenyewe, siku yake ikifika. Na nikisahau, unikumbushe."