Msuko wa Meleane

Kwetu visiwani Tonga shangazi ndiye mwenye neno la mwisho juu ya watoto wa kaka yake, nami sikuwahi kuona haya kulitumia. Kila asubuhi nilivuka barabara kwenda kumsuka Meleane. Mama yake alikufa akimzaa. Mimi nilimwogesha, nikamlisha, nikamfunga viatu mpaka akatimiza miaka minane.

Kaka yangu Feleti, baba yake, sukari ilikuwa imemla mguu, kisha ikamaliza macho. Siku moja alikaa mlangoni, uso ameugeuzia nje kama heshima inavyomtaka kaka anaposema na dada yake.

"Dada, nakuomba. Mwache ajisuke mwenyewe."

"Ajisuke? Huyo hata kitana hajui kukishika! Mwalimu atamrudisha na hicho kichaka kichwani."

"Nikifa atakwenda kwa wajomba zake mjini, kama nilivyouahidi ukoo wa mama yake. Nyumba ile imejaa watoto. Nani atamsuka kule? Nani atamkumbusha hata kuoga?"

Nilimwambia aache uchuro. Moyo uliniuma, lakini ulimi wangu haujui kulia, unajua kugomba tu.

Kunipinga hawezi, basi akanizunguka. Alifunga nyuzi tatu nene za makumbi kwenye nguzo ya mlango, akamfundisha mtoto kusuka kwa kupapasa, katika giza lake.

"Kaza, mwanangu. Hapa pamelegea. Fumua."

Meleane akaanza kwenda shule na misuko miwili, mmoja unatazama juu, mwingine umelala shingoni. Mikono iliniwasha.

"Njoo nikutengeneze, utachekwa!"

"Hapana, shangazi. Wacheke tu."

Nilikasirika mpaka chai ikanishinda.

Feleti alikufa kabla mwaka haujaisha. Kwa mila yetu, baba akifa, shangazi ndiye anayemkata binti nywele. Nilichukua mkasi na kitana, nikijua nitazikuta zimetimka, na walau nitamchana mara ya mwisho.

Alikuwa amekaa kuningoja. Ameoga, amevaa nguo nyeusi, mkeka wa msiba, tunaouvaa juu ya nguo tukiomboleza, amejifunga mwenyewe kiunoni. Nywele zote zilikuwa katika msuko mmoja ulionyooka, umefungwa uzi juu na chini.

"Nimefunga pande zote mbili, shangazi, ili ukikata zisitawanyike. Kata hapa."

Niliupapasa msuko ule kutoka juu hadi chini, nikitafuta palipolegea nipate kufumua. Hapakuwepo.

Nikaweka kitana chini, nikakata.