Damu ya Watu Wote

Maimuna alikuwa ameuma pindo la pazia. Lilikuwa la satini, rangi ya maziwa, limekwisha kushonwa na linasubiri kutiwa ringi, na mama yake alipoliona linalowa mate alijua itabidi alifue kabla mzee hajapanda juu. Hakulivuta. Mtoto wa miaka kumi na miwili anayeumwa mifupa lazima aume kitu, na katika stoo ile ya juu ya duka hapakuwa na kitu cha kuuma isipokuwa mapazia.

Alikuwa amelazwa juu ya marobota ya vitambaa, nyuma ya cherehani. Sitara alichovya kitambaa kwenye maji ya moto aliyokuja nayo kwenye chupa ya chai, akakikamua, akakiweka juu ya goti la mwanawe bila kukandamiza. Chini yao duka lilikuwa limejaa. Wateja wa Kongo na Zambia walikuwa wakipimiwa, na Abdulhamid, mwenye duka, mume wa dada yake, alishasema siku nyingi kwamba kilio cha mgonjwa kinaleta nuksi kwenye biashara. Alisema kwa upole. Abdulhamid hapigi wala hatukani, ila ukitoka mbele yake unaijua mipaka yako.

"Kaza meno, mama," Sitara alisema. "Kidogo tu."

"Nimekaza."

Ngazi zikalia. Alikuwa Zahoro, kijana wa Abdulhamid, mwenye miaka kumi na tisa na simu mbili mfukoni, kwa sababu ndiye aliyeanza kupokea oda. Alimtazama Maimuna, akaacha kutabasamu, kisha akajilazimisha kutabasamu tena.

"We, unakula mali ya mzee? Hiyo satini haina hata chumvi."

Maimuna alicheka kwa pua, na kicheko kikamuumiza.

"Mama mdogo, bajaji iko nyuma," Zahoro alisema. "Mzee nimemwambia naenda benki." Akamnyanyua Maimuna, akateremka naye taratibu, anageuka kwenye kila kona ili miguu yake isiguse ukuta. Sitara aliwafuata na mkoba. Watu wa mtaa wa Mchafukoge walikuwa wakisema wale watoto wamefanana kidevu mpaka basi. Sitara alikuwa akiwajibu vilevile kila mara, kwamba mtoto wa dada na wa mdogo mtu wataacha kufanana vipi?

Hospitalini walimtundikia dripu na kumpa dawa ya maumivu, akalala. Dokta Joyceline, Mchaga mmoja mwenye maneno machache aliyemtibu Maimuna tangu anajifunza kutembea, alimwita Sitara ofisini na kufunga mlango. Siku nyingine zote hakuwa akiufunga.

"Mama Maimuna, kile kiharusi cha mwaka juzi kikirudi, sitakudanganya, sina la kukuahidi."

"Si mnamwongezea damu?"

"Kumwongezea damu ni kudeki maji huku bomba linavuja. Bomba lenyewe liko ndani ya mifupa, kwenye uloto. Humo ndimo zilimo seli mama, mbegu za damu. Mbegu za Maimuna zimezaliwa na kasoro, kwa hiyo kila damu zinayoitengeneza ni sikoseli. Sasa hivi tunapandikiza hapahapa nchini. Tukipata mbegu za ndugu yake mzima na zikakubali, anapona. Sisemi atapata nafuu. Anapona."

Sitara alilifikiria neno lile. Alikuwa hajaambiwa neno hilo hata siku moja.

"Na ile dawa ya redioni? Ya kuzirekebisha mbegu zake mwenyewe?"

"Ipo. Huko kwao, ng'ambo. Kwa bei yake hata ukiuza lile duka la shemeji yako, haitoshi."

"Lakini si walikuja hapa wakamtoa damu? Mkaniambia inapanda ndege."

"Ule ulikuwa utafiti, mama. Utafiti unawasaidia watoto watakaokuja."

"Na huyu aliyekwisha kuja?"

Daktari alisogeza kalamu yake kutoka upande mmoja wa meza kwenda wa pili. Kisha akauliza swali ambalo Sitara alikuwa amelijibu mara nyingi kwa neno moja.

"Ana ndugu? Wa baba mmoja, mama mmoja? Mradi huu hatupimi binamu."

Kupitia kioo cha mlango Sitara aliweza kumwona Zahoro kwenye benchi, anamenya chungwa la mgonjwa aliyelala. Alimenya ganda zima bila kulikata, alivyokuwa akimenya marehemu Sadalla, baba yake Maimuna.

"Na akiwapo," Sitara alisema, "lazima alingane?"

Dokta Joyceline alimtazama kwa makini. "Katika ndugu wanne, hulingana mmoja hivi. Na akiwa mtu mzima anaamua mwenyewe. Watu wa nje hawatajua kitu, hiyo ni siri ya mgonjwa. Lakini yeye hatumfichi. Lazima ajue anatoa nini na anampa nani. Nafasi iliyobaki ya kupandikizwa ni moja. Wafadhili wanataka jina Ijumaa. Usiponipigia, jioni nampa mtoto mwingine. Sipendi, lakini nitampa."

Zahoro alikuwa wa Sitara. Alimzaa kwa Sadalla, kuli wa bandarini, wakati Bahia, dada yake, ameolewa miaka mingi na hajashika mimba. Mabibi wa pande zote walikaa wakaamua jambo ambalo watu wa pwani wameliamua tangu zamani, kwamba mwenye nacho ampe asiye nacho. Kumpa dada yako mtoto amlee si ajabu. Wako wengi waliokua hivyo, wanamjua mzazi, wanamjua mlezi, na wanakula nyumba zote mbili. Ajabu ilikuwa sharti la Abdulhamid. Yeye hakutaka mtoto wa kulea, alitaka mtoto. Kwa hiyo dada wawili walipelekwa Tanga kabla mtoto hajazaliwa, na Bahia akarudi amebeba mwana. Sitara alirudi baadaye, mikono mitupu, ikasemwa wake hakuishi. Watu walimpa pole na yeye akazipokea. Siku ya akika Abdulhamid alichinja mbuzi wawili, na aliyepika biriani ni Sitara, kifua kimefungwa kwa kanga ili maziwa yasivuje mbele za watu, huku ndani kitoto kinanyweshwa ya kopo. Sadalla akapewa kazi ya stoo na chumba cha uani. Alifariki Maimuna bado ananyonya, na chumba kikabaki kwa hisani.

Siku ya pili, baada ya alasiri, Sitara alipanda sebuleni kwa Abdulhamid. Mzee alikuwa anakunywa kahawa. Bahia alikaa pembeni yake, mikono mapajani.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Mgonjwa anaendeleaje?"

Sitara akaeleza. Alieleza vizuri, kwa mpangilio, kama alivyoelezwa: mbegu, uloto, sindano, Ijumaa.

"Sikuombi mtoto," alimaliza. "Sijawahi kumwomba. Naomba wachukue uloto kidogo tu. Unajirudia wenyewe mwilini."

"Atauliza kwa nini yeye. Utamjibu nini?"

"Nitamjibu kweli."

Abdulhamid akatua kikombe. "Haya. Amejua yeye. Kesho kutwa amejua Shaibu." Shaibu alikuwa mdogo wake, mwenye watoto saba wa kiume na duka dogo, na alikuwa hana haraka. "Sheria ya mirathi unaijua. Mtoto wa kulea harithi. Siku nikifumba macho, Shaibu anamtoa kijana dukani na kandambili zake."

"Mwandikie wasia. Wasia unaruhusiwa."

"Theluthi moja. Na ili niandike, nikasimame mbele ya kadhi nitamke kwamba mimi Abdulhamid sikuzaa?" Sauti yake haikupanda. "Miaka yote hii, msikiti mzima unaniita Baba Zahoro."

Basi, kumbe ni hilo. Sitara alimtazama dada yake, na dada yake akaangalia zulia.

"Huyo daktari amekuhakikishia watalingana?" Abdulhamid aliuliza.

"Mmoja kwa wanne."

"Robo." Alilitamka neno kwa sauti ya kumrudishia mtu kitambaa kibovu. "Unataka umvunje kijana mzima kwa robo. Ikishindikana, je? Utakuwa umewakosa wote wawili."

"Utanipokonya, Sitara?" Bahia alisema. Hilo ndilo neno pekee alilosema siku ile.

"Dada, wako akijua atabaki hai. Wangu akikosa habaki."

"Mwambie, basi," Abdulhamid alisema. "Mdomo ni wako, sijakufunga. Siku utakayomwambia, mimi mwenyewe nitamtoa kabla ya Shaibu, maana nyumba hii haitakuwa na siri tena ya kulinda. Chagua unayemzika." Akanyanyua kikombe. "Mimi si mtu mbaya. Nitamfanyia Maimuna jambo. Jambo kubwa."

Sitara alimchukia. Alimchukia kwa moyo wote, pale pale amekaa kwenye zulia lake, na kilichomchoma zaidi ni kwamba katika hesabu ile yote hakuona pa kuikosoa.

Jambo kubwa lilikuja Ijumaa, baada ya swala. Mbele ya duka walisimamisha hema jeupe, wakaleta vitanda vya kukunja, spika, na wauguzi kutoka hospitali. Bango lilisema familia ya Abdulhamid inachangia damu kwa ajili ya watoto wa sikoseli. Fulana ziligawiwa, mbele tone jekundu, nyuma jina la duka na namba za oda. Machinga waliacha meza zao wakapanga foleni. Wenye maduka ya jirani walikuja, Mzee Aristides wa vyombo vya ndani alikuja na wafanyakazi wake wote, na kila mtu alimwambia Abdulhamid Mungu akulipe. Shaibu naye alikuwepo, ameegemea nguzo ya baraza, anakunywa soda ya bure.

Wa kwanza kulala kitandani alikuwa Zahoro.

"Mama mdogo, njoo ukae hapa," aliita. "Mimi sindano naziogopa, usimwambie mtu."

Sitara akaja. Aliuona mkono ukikunjuliwa, mshipa ukitafutwa, damu ikikimbia kwenye mpira na kuanza kujaza mfuko, nyeusi kidogo, nzima, haina kasoro. Kijana alikuwa ameufunga mkono wake mwingine kwenye vidole vya Sitara, anavibana kweli.

"Hii watampa Maimuna moja kwa moja?"

"Inaenda benki ya damu," muuguzi alimjibu. "Atapewa mwenye kuhitaji."

"Lakini si itamsaidia na yeye?"

"Ikimfikia, wiki kadhaa."

"Wiki tu?" Zahoro alimgeukia Sitara. "Mama mdogo, hakuna kingine cha kutoa? Mimi nina afya, we niangalie. Figo, sijui nini. Waulize."

Simu ilianza kutikisika ndani ya mkoba wa Sitara. Hakuwa na haja ya kutazama kujua ni Dokta Joyceline. Alifungua mdomo. Jina la Sadalla lilikuwa limefika kwenye ulimi, lilikuwa limefika kabisa, na juu ya bega la kijana alimwona Shaibu anatazama vidole vilivyoshikana, ameacha kunywa.

"Nitauliza," alisema.

Muuguzi alichomoa sindano akaweka pamba. "Mbonyezee hapa, mama."

Akambonyezea. Simu ilinyamaza.

"Picha," alisema Abdulhamid, ambaye alikuwa amekuja na Bahia pamoja na mpiga picha. "Shemeji, sogea kidogo, unamziba."

Bahia aliweka kidole chake juu ya pamba mahali pa cha Sitara. Hakumtazama mdogo wake. Sitara akasogea, akasogea tena mpiga picha alipompungia mkono, mpaka alipojikuta nje ya hema, karibu na mlango wa ngazi, na akapanda.

Stoo ilikuwa na joto. Maimuna, aliyekwisha kuruhusiwa hospitali, alikuwa amekaa juu ya marobota, ameegemea ukuta, macho ya njano, anasikiliza spika ikitaja ugonjwa wake.

"Kaka Zahoro ametoa?"

"Ametoa."

"Ni yangu?"

Sitara alikaa kwenye cherehani. Kwenye ncha ya kidole chake palikuwa na alama nyekundu, na mbele yake ilikuwa satini nyeupe, kwa hiyo alikifuta kwanza kwenye gauni.

"Ya watu wote," alisema.

Mkobani simu ilianza tena. Nje jua lilikuwa linaelekea magharibi, na chini walikuwa wakipiga makofi.

"Mama, simu."

"Naisikia."

Aliingiza kitambaa chini ya sindano, akanyoosha pindo, akakanyaga pedali, na cherehani ikapiga kelele mpaka simu haikusikika.