Mtu wa Kumsemea Bi Élida

Mimi na mama mkwe wangu hatukuwahi kupikika chungu kimoja, na mji wetu wote wa Salto unalijua hilo. Bi Élida Bentancur akija kwangu, kwanza anapitisha kidole juu ya kabati kutafuta vumbi, kisha ananiuliza kwa upole kama nilikuwa naugua. Nami sinyamazi. Kwa hiyo alipotuita sote kwa wakili, siku ya mvua, mafuta ya kukaangia maandazi yakiwa tayari jikoni kwangu, nilijua kuna jambo, ila sikujua kwamba jambo lenyewe ni mimi.

Tulikuwa wanne mbele ya wakili: Bi Élida, mume wangu Wilmar, wifi yangu Zulma, na mimi niliyekaa karibu na mlango. Wakili akatueleza kwamba sheria inamruhusu mtu mwenye akili timamu kuandika mapema kuwa, akipatwa na ugonjwa usio na tiba wala kurudi nyuma, asirefushiwe maisha kwa mashine. Akibadili mawazo, anaifuta hati hiyo siku yoyote, na Bi Élida alitaka kuandika yake. Zulma akaanza kulia palepale. Alisema huko ni kumjaribu Mungu, na tena mgonjwa haulizwi uji. Wakili akamjibu kwamba sheria yetu inataka aulizwe, tena kabla hajaugua. Wilmar alikuwa akivitazama viatu vyake. Mume wangu huyo anaendesha lori la machungwa hadi Montevideo bila kupepesa jicho, lakini mbele ya mama yake anakuwa mtoto wa chekechea.

Sheria inataka pia atajwe mtu wa kumsemea mgonjwa asipoweza kusema. Wakili akauliza jina.

"Mirta," alisema Bi Élida. "Mke wa Wilmar."

Nilicheka, kisha nikaona ninacheka peke yangu. Nikamuuliza kwa nini mimi, wakati ana watoto wawili wa kuzaa mwenyewe.

"Kwa sababu wewe hunipendi kupita kiasi," akasema, akaomba kalamu.

Nilitia sahihi kwa hasira, nikafika nyumbani nikamwambia Wilmar kwamba mama yake amenifanya mnyongaji. Nikiwazuia madaktari, watu watasema mkwe kammaliza. Nisipowazuia, watasema namtesa kulipiza kisasi. Wala sikukosea. Juma lile lile, mwanamke mmoja pale kwa mwoka mikate aliniambia, huku akinichekea, kwamba amesikia mimi ndiye nitakayemzimia taa Bi Élida. Nilimwambia azime kwanza mdomo wake, lakini maneno yale yaliniuma mpaka usingizi ukanipaa.

Jumapili nilikwenda kwa mama mkwe kumwambia atafute mtu mwingine. Nikawakuta wanacheza truko, karata ambazo bila uongo hazichezeki. Bi Élida alikuwa na karata mbovu, nami niliziona kwa nyuma, lakini akapandisha dau kwa sauti kubwa. Wilmar, mwenye karata nzuri, akasema hataki, akazilaza mezani. Zulma naye vivyo hivyo. Wote walikuwa wanamwachia. Nikachukua kiti cha Wilmar. Mzunguko uliofuata, bibi akanidanganya mimi, nikamwambia nataka kuziona. Akashindwa, akanitukana mimi na ukoo wangu wote, kisha akanikatia kipande kikubwa cha keki. Nilikula, nikaondoka bila kusema nililojia. Hata sasa sijui ulimi wangu ulikwenda wapi siku ile.

Julai, baridi ilipokaza, akaugua. Homa ilimpanda akawa anaongea na marehemu mumewe, anamgombeza kuhusu mbwa. Pumzi ilikuwa inamkatika. Tuliita gari la dharura, na daktari mwenyewe alikuwa kijana wa kumzaa. Alimpima, akainuka, akauliza nani anamsemea mgonjwa.

"Mimi," nikasema.

Wilmar akanitia ile hati mkononi. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mama alisema asifungwe mashine, Mirta. Tusimvunjie neno. Tumwache kitandani kwake."

Hapo ndipo nilipoelewa. Mtu asiyejua kumkatalia mama yake alikuwa tayari kumwacha afe, kwa utiifu tu. Nikamuuliza daktari kama ugonjwa huo una tiba. Akasema ni mapafu, tiba ipo, ila huenda akahitaji mashine ya kumsaidia kupumua kwa siku chache. Hakuniapia kitu. Alisema tu amewaona wazee kuliko Bi Élida wakirudi kwao kwa miguu.

"Basi mbebeni," nikasema. "Humu mmeandikwa ugonjwa usio na tiba. Huu unayo."

Wilmar akasimama mlangoni. "Utakuwa umemwasi mama yangu."

"Toka mlangoni, Wilmar."

Akatoka.

Hospitalini walimwekea mashine. Zulma akawa ananiuliza kila saa je, asipoamka. Nilijua jibu, na jibu lilinitisha: asipoamka, ni mimi tena nitakayesema basi. Nilikaa kwenye benchi nikalia mbele za watu bila aibu. Nilimtaka yule bibi hai, na vidole vyake vya kutafuta vumbi, na kila kitu chake.

Aliamka. Walipomwondolea mashine, sauti yake ilikuwa imekwaruza, lakini jambo la kwanza aliloomba ni niitwe mimi, na wengine watoke nje.

"Nani aliamua nije huku?"

"Mimi. Kulikuwa na tiba."

Akafumba macho, nikadhani kalala.

"Wilmar angeniacha, kwa kunitii," akasema. "Zulma angenifunga mashine mpaka nioze, kwa kunipenda. Wewe uliuliza kwanza." Akavuta pumzi. "Siku ile nyingine itakuja, Mirta. Isiyo na tiba. Utaweza?"

Sikutaka kumdanganya. Nilimshika mkono, na ulikuwa na joto la kawaida, joto la mtu mzima wa afya.

"Nitaogopa, mama," nikamwambia. "Lakini nitasema."

Sikuwahi kumwita hivyo. Akaniamuru nimsogezee mto.