Nakala ya Jumatatu

Saa mbili kasorobo asubuhi, Jumatatu ya tarehe tatu, karani wa dirisha la tatu katika ofisi ya vibali alifuta meza yake kwa kitambaa kibichi, akapanga mihuri kwa ukubwa, kisha akampigia simu baba yake. Baba yake alikuwa fundi redio mstaafu, ndiyo kwanza anatoka kwenye kikohozi cha wiki mbili. Sauti ilikuwa imemrudia. Alilalamika kwamba siku hizi haoni nyaya nyembamba, na karani akamwambia avumilie, miwani yake ilishapelekwa kutengenezwa, ingekuwa tayari siku yoyote. Wakacheka. Karani alikata simu akiwa na furaha, na akiwa na furaha hiyohiyo akaitwa chumba cha nyuma.

Huko wapagazi wanne walikuwa wakiitoa seva ya zamani. Ilikuwa mashine kubwa kama jokofu la bucha, na ilikuwa imehudumu miaka kumi na mmoja. Ilipougua, ofisi nzima ilikaa kitako ikiisubiri. Mafundi waliitwa, feni zikaletwa, ikabembelezwa kama mtoto mpaka ikaamka. Mahali pake paliwekwa sanduku jembamba la kijivu lenye taa mbili, lisilo na kelele.

Mtaalamu wa kompyuta, mama wa makamo aliyezungumza huku akinyonya peremende, aliwaeleza wafanyakazi kwa ufupi. Sanduku lilikuja na kiunzi kipya. Kiunzi ni mifupa ya programu, alisema. Zamani kila mwandishi wa programu alichonga mifupa yake mwenyewe, siku hizi unaikuta tayari, wewe unatia nyama tu. Na hiki kilikuwa na jambo ambalo vya zamani havikuwa nalo. Watu wakizidi, kinatoa nakala za huduma. Wakipungua, kinaziondoa. Nakala ikikohoa haitibiwi. Inaondolewa, inakuja nyingine.

"Na kitajuaje kama nakala ni nzima?" aliuliza bosi.

"Kinaiita kila dakika kumi. Ikiitika, nzima. Ikikaa kimya mara tatu mfululizo, hiyo imekufa."

Skrini iliuliza jina la huduma. Mtaalamu akaandika: dirisha la tatu. Skrini ikauliza huduma hiyo iko wapi. Mtaalamu akamtazama karani, akamwonyesha kiti mbele ya sanduku. Karani alikaa hapo kwa muda wa kuchemsha yai, katika gauni lake la kijani, akahisi baridi kidogo miguuni, akaambiwa basi, rudi kazini.

Saa nne, foleni ilipofika barazani, mlango wa chumba cha nyuma ulifunguka akatoka karani mwingine, gauni la kijani vilevile, akakaa dirisha la nne ambalo lilikuwa tupu tangu mwaka uliopita. Saa tano akatoka wa tatu. Watu waliokuwa nyuma walihamia kwao, wakagongewa mihuri, wakaenda zao. Kila baada ya dakika kumi ulisikika mlio mdogo, kama kijiko kikigonga glasi, na makarani wote wakasema, "Nipo." Alasiri foleni ilipokatika, aliyekuja mwisho aliinuka, akaingia chumba cha nyuma. Akafuata aliyemtangulia. Yule wa kwanza alifunga dirisha akaenda nyumbani.

Mumewe alikuwa fundi cherehani, na kazi yake aliifanyia chumba cha mbele cha nyumba yao. Karani alimsimulia huku akitenga chakula.

"Leo tulikuwa watatu. Yule wa pili ana maringo! Anagonga muhuri kama anapigwa picha."

"Si ni wewe huyohuyo?"

"Ndiyo maana namjua."

Waliishi hivyo wiki tatu, bila shida yoyote.

Alhamisi ya wiki ya nne karani alikwenda kazini amevaa gauni la njano. Saa tano simu yake iliita. Alikuwa dada yake mkubwa. Baba yao alikutwa amekaa mezani, bisibisi mkononi, redio ya jirani imefunguliwa mbele yake. Karani aliiweka simu mezani akatulia. Mbele ya dirisha alisimama mwanamume aliyetaka kibali cha kujenga ukuta. Aliona uso wa karani, akavua kofia, akangoja. Mlio ulisikika. Karani hakuitika. Baada ya dakika kumi ukasikika tena, kisha tena. Baada ya ule wa tatu mlango wa chumba cha nyuma ulifunguka. Karani akainuka, akachukua mkoba wake, akaingia. Hakuna aliyemshika mkono. Akatoka mwenye gauni la kijani, akakaa kwenye kiti ambacho kilikuwa bado cha moto.

"Karibu. Nikusaidie nini?"

Mwenye ukuta akavaa kofia yake, akatoa fomu.

Taarifa ya siku hiyo iliandika kwamba huduma ilisita dakika ishirini na tatu, ikajirekebisha yenyewe. Bosi aliona dakika hizo ni nyingi. Mtaalamu akapunguza muda, mlio ukawa wa kila dakika tatu.

Fundi cherehani alikuwa ameshapata habari kwa shemeji yake. Alifunga mizigo miwili ya safari, akakaa kumsubiri mkewe. Karani aliingia saa kumi na moja na nusu akiimba.

"Miwani ya baba imekuwa tayari?" aliuliza, akivua viatu.

Fundi alilitazama gauni la kijani. Alilipiga pasi yeye mwenyewe siku moja kabla. Akafungua kabati, akalikuta linaning'inia. Alikagua mkono wa kushoto, mahali sindano ilipomvunjikia siku ile akilishona na uzi ukaruka hatua mbili. Kisha akamwomba mkewe anyooshe mkono. Uzi ulikuwa umeruka hatua mbili.

"Leo tarehe ngapi, mke wangu?"

"Tatu. Jumatatu. Fundi, una nini?"

Akamwambia. Karani alilia kama mtu anayeambiwa kwa mara ya kwanza, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza. Alipotulia aliuliza, "Na yule aliyepigiwa simu, yuko wapi?"

"Sijui."

"Masikini," alisema karani. "Hata kumzika hatamzika."

Jumamosi walizika. Karani alitupa udongo wake, akakumbatiwa na shangazi zake, akarudi nyumbani amevimba macho. Jumatatu alikwenda kazini. Saa tatu na nusu alimwona mzee mmoja kwenye foleni akisogeza karatasi puani ili aisome, na hakuweza kuitika milio mitatu. Jioni aliingia nyumbani mwenye gauni la kijani, akiimba, akauliza kuhusu miwani.

Fundi alimwambia tena. Jumatano akamwambia mwingine. Ijumaa mwingine. Alijaribu kuwaambia polepole, alijaribu kwa mkato, alijaribu kungoja wamalize kula. Kila mmoja alilia upya, na kila mmoja aliondolewa kabla ya siku mbili kwisha. Mmoja aliandika barua ya kuacha kazi. Aliipeleka mwenyewe ofisini kwa bosi, akaambiwa angoje, na alipokuwa akingoja kwenye benchi mlio ukapita mara tatu dirishani. Aliyekuja baada yake hakuwa ameandika barua yoyote, na alipoonyeshwa alisema mwandiko anaufahamu lakini maneno hayajui.

Wale walioondolewa hawakurudi. Yalibaki magauni waliyoyavua usiku kabla ya kulala. Kufikia mwisho wa mwezi uliofuata kabatini yalikuwa magauni kumi na moja ya kijani, na mikono kumi na moja ya kushoto ilikuwa na kosa lilelile. La njano halikuonekana tena.

Fundi alifunga cherehani siku moja akaenda ofisini. Bosi alimpokea vizuri, akamwita mtaalamu, wakamkalisha kwenye kiti chenye mto.

"Shida yako ni nini hasa?" aliuliza bosi. "Mkeo hajakosa kazini hata siku moja."

"Nataka mke wangu. Yule aliyekuja hapa na gauni la njano."

Mtaalamu alihamisha peremende shavuni. "Huyo hayupo, ndugu yangu. Kiunzi hakiweki kitu moyoni. Ndiyo nguvu yake. Seva za zamani ziliweka kila kitu, ndiyo maana zilikuwa zinakufa kwa uchungu. Hizi za sasa kila nakala inaanza pale tulipoichukua, asubuhi ya tarehe tatu."

"Sasa nikimzuia nyumbani?"

"Saa mbili kamili dirisha likiwa tupu sanduku litatoa mwingine. Jioni huyo naye ataenda kwao. Na kwao ni kwako."

Fundi aligeukia ukumbi. Kupitia kioo alimwona mkewe mara sita, kwenye madirisha sita, akihudumia watu. Wawili walikuwa wakicheka na wateja.

"Mimi si mtaalamu wa ndoa," alisema mtaalamu, kwa upole, "lakini nimeangalia kumbukumbu za mashine. Zinakufa asubuhi baada ya kulala kwako. Unaziambia kitu gani?"

Jioni ile karani alipouliza habari ya miwani, fundi alisema imekuwa tayari na ameshampelekea mzee. Alipouliza hali ya mzee, fundi alisema hajambo, kikohozi kimekwisha. Karani alifurahi. Kesho yake aliitika milio yote, na keshokutwa vilevile.

Shemeji mtu alikuja siku ya Jumapili, akamkuta mdogo wake anakaanga mayai huku anapiga mluzi. Akamvuta fundi uani.

"Shemeji, nani anamficha mtoto kwamba baba yake amekufa? Mficha maradhi kilio humfichua."

"Kilio kilishamfichua mara kumi na moja, dada. Njoo nikuonyeshe."

Akamwonyesha kabati. Dada alisogeza hanga moja moja, akihesabu kimya kimya, akafunga mlango wa kabati kwa viganja viwili. Alikaa kitandani muda mrefu. Kisha aliosha uso, akaenda jikoni.

"Baba anakusalimu," alimwambia mdogo wake. "Anasema usijichoshe na kazi."

Tangu hapo dada ndiye aliyeshika simu ya marehemu. Karani akipiga, dada alipokea akasema mzee amelala, au ameenda kwa kinyozi, au kashikilia redio ya watu hataki kusumbuliwa. Karani alisema huyo ndiye baba anayemjua. Kila Jumapili alipotaka kwenda kumwona, lilitokea jambo: fundi aliumwa mgongo, au mzee alisafiri. Fundi alikuwa akienda makaburini peke yake siku za kazi, anang'oa majani, anamwambia mzee kwamba binti yake ameshindwa kuja, yuko kazini. Hiyo angalau ilikuwa kweli.

Karani huyo alidumu miezi minne. Alinenepa kidogo. Alijifunza mambo ambayo wa kijani wengine hawakuyajua: kwamba jirani amejifungua, kwamba paa la jikoni linavuja. Mara mojamoja alisimama katikati ya chumba kama aliyesahau alichofuata, akasema, "Fundi, kuna kitu hunambii." Fundi alisema hakuna. Karani alimtazama, kisha akaendelea na kazi yake, na fundi alihisi kwamba hata yeye angeitwa mara tatu asingekuwa na sauti ya kuitika.

Ndipo ikaja barua. Toleo jipya la kiunzi lilikuwa limetoka. Lilikuwa na kasi zaidi, na lingehitaji kuchukua nakala upya. Karani aje Jumatatu saa mbili kamili akiwa msafi, amelala vizuri, moyo mweupe. Mtaalamu alikuwa ameongeza mstari kwa kalamu chini, unaomhusu fundi: "Atakavyokuja ndivyo watakavyokuwa wote. Fikiria."

Fundi alifikiria Jumamosi na Jumapili. Alijua kwamba akimwambia, wote wangetoka wanajua, na wote wangelia, na sanduku lingetoa mmoja baada ya mwingine bila kukoma. Alijua pia kwamba asipomwambia sasa, hapatakuwa tena na mmoja duniani wa kuambiwa akabaki na habari hiyo. Dada alikuja kukaa naye. Fundi alishona gauni jipya, rangi ya samawati, polepole, na safari hii uzi haukuruka popote.

Jumatatu asubuhi karani alilivaa, akazunguka mbele ya kioo.

"Limenikaa. Baba hajambo?"

"Hajambo," alisema fundi.

"Anakusalimu," alisema dada.

Karani akaenda kazini. Nakala ilichukuliwa kwa nusu ya muda wa yai. Wiki iliyofuata ofisi ilifunga kituo cha jirani, ikahamishia watu wake hapohapo, na madirisha yakaongezwa mpaka tisa.

Mwezi wa pili baada ya hapo kibali cha biashara cha fundi kiliisha muda, naye akaenda kukihuisha kama mtu mwingine yeyote. Foleni ilikuwa fupi. Alielekezwa dirisha la tatu. Mkewe alichukua fomu, akasoma kila mstari ingawa aliujua, akatabasamu alipofika kwenye jina la mwenzi. Yule wa asubuhi ile aliyetoka nyumbani huenda alikuwa huyu, huenda alikuwa wa dirisha la saba. Fundi hakuuliza.

"Ukitoka hapa unapitia kwa baba?" aliuliza karani, akipuliza wino wa muhuri ukauke.

"Nitapita."

"Basi nisalimie. Mwambie namkumbuka."

"Na mimi nisalimie," alisema karani wa dirisha la nne, bila kuinua macho kwenye karatasi zake.

"Na mimi," alisema wa tano.

Salamu zilikwenda dirisha kwa dirisha mpaka la tisa, kwa sauti ileile, yenye furaha ileile. Fundi alisema zitamfikia. Alikunja kibali chake mara mbili, akakitia mfukoni, akatoka, na aliyekuwa nyuma yake akasogea mbele.